Siku Nilipolichezesha Trekta

Mwanangu, kila mvua za kwanza zinapogonga bati hapa Mhunze, huikumbuka siku moja ambayo nikiisimulia watu hunicheka, nami hucheka nao. Siku yenyewe sikucheka. Kesho nakukabidhi funguo za trekta, kwa hiyo kaa, chai ichemke taratibu, unisikilize.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimetoka Rwamgasa kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kule nilijifunza jambo moja tu: mashine ikigoma, iongezee moto mpaka ijue nani mkubwa. Mzee Shija, aliyenipa kazi ya udereva, alikuwa mkulima wa pamba na fundi wa mikono yake mwenyewe. Trekta lake lilikuwa la mtumba, lakini lilikuwa na kitu tusichokizoea: mkono mdogo chini ya usukani, upande wa kushoto. Ukiusukuma, trekta linakwenda mbele. Ukiuvuta, linarudi nyuma, bila kukanyaga klachi. Kazi yote hufanywa na oili humo ndani, inayozibana pleti za klachi kwa nguvu yake. Mzee alinieleza hayo mara tatu. Mimi nilisikia hapo pa “bila kukanyaga” tu.

Siku hiyo tulikuwa na shamba la Mama Kabula, mjane ambaye ng'ombe wake wa kulimia walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Shamba lake liko mbugani, na udongo wetu mweusi unaujua: mvua ikizidi kidogo, trekta linazama. Alikuwa ameisubiri zamu yake huku akiyatazama mawingu. Lisipolimwa wiki ile, hana msimu.

Asubuhi sikupima oili. Niliona tone chini ya trekta, nikajiambia ni umande. Cheka tu, ni haki yako. Hatujafika nusu ya shamba, wakapita vijana wa bugobogobo na ngoma zao, majembe mabegani, wakienda kulima kwa jirani huku wakicheza kama ilivyo desturi yetu. Wakasimama kulitazama trekta. Wakapiga ngoma. Basi kichwa kikavimba! Nikainua plau, nikapiga resi, nikausukuma mkono: mbele! Nikauvuta: nyuma! Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwa kufuata ngoma, bila kupunguza mwendo, bila kuupumzisha mkono pale katikati kwenye fri, trekta lisipokwenda mbele wala nyuma. Trekta likacheza mabega. Wanawake waliokuwa nao wakapiga vigelegele. Nilijiona mchezaji hodari kuliko wote Usukumani.

Baada ya muda likaanza kuchelewa. Nasukuma mkono, nangoja, ndipo linaondoka kwa kishindo. Lilikuwa linaniomba nisimame. Mimi, mtu wa Rwamgasa, nikaongeza resi. Mwishowe injini ikanguruma na magurudumu yakabaki palepale. Ngoma zikanyamaza. Nikamwona Mama Kabula pembeni mwa shamba, khanga kichwani. Aibu niliyoipata pale sijaipata tena.

Mzee Shija alipelekewa habari, akaja na baiskeli. Hakufoka. Alianza kwa kumsalimu mama, “Mwadila, mayu,” akamwomba radhi kwa niaba yangu, ndipo akainama. Kijiti cha kupimia kilitoka na oili kwenye ncha tu. Akalegeza nati ya chini, akakinga kidogo kwenye kiganja, akanisogezea puani.

“Nusa.”

Ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua.

“Hizo ndizo pleti ulizozichezesha,” akasema. “Sasa niambie, mama huyu atapanda wapi?”

Vipuri havikuwa karibu, na mvua haikuwa na subira. Nikawafuata wale vijana wa ngoma, nikawaomba kwa magoti. Wakakubali kwa sharti moja: mimi nikae katikati ya mstari na jembe langu. Tulilima siku nne. Mikono ilichubuka, mgongo ukakataa kunyooka. Lakini niliona kitu. Tulipofika mwisho wa shamba, ngoma ilipungua, majembe yakatua chini, watu wakavuta pumzi, ndipo mstari ukageuka. Hakuna aliyegeuka akiwa katikati ya pigo. Siku ya nne jioni Mama Kabula aliniletea uji mwenyewe, akanitazama na tope langu, akacheka.

“Leo ndiyo umecheza,” akasema.

Mtama wake ulitoka mzuri mwaka ule, na mimi nikapona moyo.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujawasha, lisimamishe trekta mahali tambarare upime oili, na ukiona tone chini usiliite umande. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake, si iliyobaki kwenye dumu, na filta ibadilishwe kwa wakati wake. Asubuhi ya baridi liache lingurume kidogo oili ipate moto. Ukitaka kugeuza, punguza resi, trekta litulie, mkono upite kwenye fri, ndipo uurudishe. Likianza kuchelewa au kushtuka, zima, uniite. Sitakufokea, nami sikufokewa.

Shamba la kesho ni la Mama Kabula. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini bado huketi pale pembeni na khanga yake kichwani. Mpe shikamoo kabla hujapanda kwenye trekta. Ukifika mwisho wa shamba, jua kwamba hatatazama plau, atautazama mkono wako. Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, akupe mvua ya kiasi, na akurudishe nyumbani na trekta linalotembea.