Nilimsoma Kuanzia Katikati

Miaka ile nilipokuwa nikichonga mawe kwenye machimbo ya Mlolongo, nilikuwa na kitu nilichokificha kama wengine wanavyoficha chupa. Kilikuwa kitabu cha katuni. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Saa ya chakula nilikiingiza ndani ya gazeti lililokunjwa, nikakaa nyuma ya rundo la mawe yaliyokwisha kuchongwa, nikasoma huku kamusi ikiwa pajani.

Shule niliiacha kidato cha pili. Kiingereza changu kilichobaki nilijifunza mwenyewe, neno baada ya neno, na katuni zilinifaa kwa sababu picha ilinisahihisha pale kamusi iliponipoteza. Hilo ndilo jibu nililowapa wenzangu siku waliponifumania. Lilikuwa kweli, ila si kweli yote.

“Niaje, profesa,” mmoja aliniambia, “hizo picha ukimaliza utuletee tupake rangi.”

“Mwache,” mwingine akasema. “Anasomea kuwa mtoto.”

Walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

Vitabu hivyo nilivipata Machakos mjini, kwa mama mmoja Msomali aliyeuza mitumba ya watoto. Ndani ya marobota, katikati ya suruali na soksi, mara nyingine kulitokea vitu vilivyosahaulika huko vilikotoka, au vilivyotiwa kuongeza uzito: mwanasesere asiye na kichwa, kiatu kimoja, kitabu cha katuni. Mwanzoni mama huyo alichana kurasa akafungia nguo. Aliponizoea akaanza kuniwekea vitabu vizima chini ya meza.

“Wewe uko na watoto wangapi?” aliniuliza siku moja.

“Bado sina, mama.”

“Sasa hizi yote nani anasoma?”

Nikamwambia ni mtoto wa dada yangu. Sikuwa na dada.

“Huyo mtoto wa dada iko na kichwa ngumu,” akasema akinitazama. “Nikipatia yeye ile ya watu wanaruka angani, hataki. Anataka huyu wa mkono ya chuma tu.”

Alikuwa ameniona vizuri. Nilimtaka huyo wa mkono wa chuma tu. Alikuwa mtu mrefu aliyevaa glavu ya chuma mkono wa kulia, glavu isiyovulika. Zamani, kama nilivyoelewa kutokana na vidokezo, alikuwa mhalifu aliyekodishwa na matajiri wa mji fulani wa bandari. Katika vitabu nilivyokuwa navyo alikuwa ameacha. Sasa alizunguka mji uleule akizima moto, akiinua kuta zilizowaangukia watu, akiwalinda wajane dhidi ya wahuni. Hakuna aliyemshukuru. Kila alipopita, watu walifunga madirisha. Mchoraji aliyachora madirisha hayo kwa uangalifu, barabara nzima, moja baada ya jingine, na mtu yule akipita katikati peke yake, kichwa kimeinama.

Niliwachukia watu wa madirisha. Niliwaona wasio na shukrani, watu wadogo wanaokataa kuona kilicho mbele ya macho yao. Niliposoma nilisema moyoni, fungueni.

Vitabu vilifika kwa jinsi marobota yalivyofunguliwa, bila mpangilio. Mimi nilivipanga. Namba ilikuwa kwenye jalada, na mahali pa kila namba iliyokosekana niliweka kipande cha katoni. Katoni nyingi zilikuwa mwanzoni. Nilikuwa na katikati ya hadithi, na katikati ilinitosha.

Nyumbani kwetu ni Ndithini. Baba yangu alikuwa mzee mkimya aliyestaafu, mtu wa kanisani, mwenye mgongo ulionyooka kuliko wa vijana. Ujanani alikuwa askari wa chifu. Mimi ni kitinda mimba. Nilipopata akili alikwisha kuacha kazi hiyo, na kofia yake tuliitumia kuokotea mayai. Baba niliyemjua aliamka kabla ya wengine, akashika koleo lake mwenyewe, akaenda kwenye mwethya.

Mwethya ni majirani wanaofanya kazi kwa zamu. Leo wanachimba kwako, wiki nyingine kwa mwenzako, na kwa kawaida kazi ilikuwa matuta ya kuzuia udongo, yale tunayoyaita fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unaurusha upande wa juu. Ni kazi ngumu, hasa kiangazi ardhi ikiwa imekaza. Watu huimba wanapochimba, na mwenye shamba huwapikia. Baba alichimba kwa kila mtu. Aliwahi kufika kuliko wote, na alichukua sehemu yenye mawe bila kuambiwa. Nilipokuwa nyumbani kwa likizo nilimfuata, nikaona kwamba adhuhuri, chakula kilipopakuliwa, yeye huaga. Alisema ana ng'ombe wa kunywesha. Nilidhani ni unyenyekevu. Nilimtazama akishuka njiani peke yake, koleo begani, na sina budi kuandika nilichofikiri: nilifikiri juu ya glavu ya chuma. Nilijivuna kwamba nilikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani.

Kulikuwa na mama mmoja jirani, wa umri wa mama yangu, aliyefanya kazi kwa namna yake. Wanawake wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, ukanda umepita kwenye kipaji cha uso. Maji, kuni, mawe, vyote hivyo. Mama huyu alibeba mawe mbele, kifuani, kwa mikono miwili, moja moja, kama anayebeba mtoto mchanga. Niliona hilo mara nyingi. Nililiweka katika mambo ya ajabu ya watu wazee na sikuuliza.

Zamu yetu ilikuwa haijawahi kufika. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiahirisha, akisema wapo wenye shida zaidi. Kisha mwaka mmoja mvua ya vuli ikachukua udongo wa shamba letu la chini mpaka mwamba ukaonekana, na mama akamwambia hawezi kuahirisha tena. Nilipata ruhusa kazini nikaja.

Siku iliyotangulia, mama alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na mbaazi, kwenye chungu kikubwa cha harusi. Baba alichinja mbuzi. Alikuwa na wasiwasi ambao sikuuelewa. Alizunguka chungu, akaonja, akauliza kama chumvi inatosha, akaniagiza nikaazime sahani zaidi kanisani.

“Watakuja?” mama alimuuliza.

“Kuchimba watakuja,” baba akasema.

Walikuja wote. Hakukosekana hata mmoja, na walichimba vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona wakichimba popote. Mitaro ilinyooka. Hakuna aliyeimba. Ilisikika sururu kwenye mwamba na pumzi za watu tu. Nilijaribu kuanzisha wimbo mimi mwenyewe. Mzee mmoja alinitazama kwa huruma, nikanyamaza baada ya ubeti mmoja.

Adhuhuri mama akafunua chungu. Harufu ikashuka mpaka shambani. Watu wakaweka chini majembe, wakakaa ukingoni mwa mtaro waliouchimba, na kila mmoja akafungua kitambaa chake. Walikuwa wamebeba chakula kutoka kwao: viazi vitamu, githeri baridi, chai kwenye chupa. Wakala huko chini, migongo imetuelekea. Baba alisimama mlangoni akiwa ameshika upawa. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

Nilishuka mpaka kwao. Tulizungumza Kikamba, nami naandika hapa kama ninavyokumbuka.

“Chakula kipo juu,” nikasema.

“Tumekiona,” mzee mmoja akajibu. “Kinanukia.”

“Basi mbona mnatuaibisha?”

“Nani amekuaibisha? Udongo wetu alituchimbia, na wake tumemchimbia. Tazama mtaro. Kuna mahali umepinda?”

Wakacheka kidogo, bila ubaya. Mimi hapo nikasema maneno niliyokuwa nimeyabeba miezi mingi kutoka kwenye karatasi. Nikawaambia mtu hubadilika. Nikawaambia kwamba wasiotaka kuona wema wa mtu ni wabaya kuliko alivyokuwa yeye. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kicheko kilikwisha.

Mama yule wa kubeba mawe kifuani alikuwa anamenya kiazi. Hakuacha kumenya.

“Mwana wa askari,” akasema, “wewe ulizaliwa lini?”

Akatupa ganda mtaroni.

“Ulizaliwa juzi. Sisi tulikuwa tunapika pombe ya kulipia watoto shule. Baba yako alikuja asubuhi na wenzake, pipa likiwa bado mekoni. Akaniambia nilibebe mpaka kwa chifu, liwe ushahidi. Nikasema lipoe kwanza. Akasema ushahidi haupoi. Wakalifunga na ukanda, wakanipandishia mgongoni, na yeye akatembea nyuma yangu.” Akauma kiazi, akatafuna, akameza. “Anachimba vizuri, baba yako. Hilo sijamnyima.”

Nilipanda tena. Sikumbuki kama nilimwambia lolote, natumaini sikusema. Nakumbuka nilivyohisi shati langu mgongoni, kila mahali lilipogusa.

Walimaliza kazi alasiri, wakaaga kwa adabu, kila mmoja akimpa baba mkono. Mama yule wa pipa hakumpa. Baba alinyoosha wake nusu, kisha akaurudisha akajikuna kidevu.

Walipokwisha ondoka nilimuuliza, nikitumaini atakana. Alikuwa anafunika chungu.

“Ni kweli, baba? Pipa lilikuwa moto?”

“Lilikuwa moto.”

“Ulijua?”

“Nililigusa kwanza,” akasema. “Nikaondoa mkono.”

Mama yangu alikuwa hapo. Hakushtuka, na nikaelewa kwamba katika nyumba ile mgeni nilikuwa mimi. Muthokoi ule hatukumpa mtu wala kuumwaga. Baba alikataa. Tuliula asubuhi na jioni, ukipashwa moto tena na tena, mpaka ukaanza kuchacha, na yeye akaendelea kuula peke yake sisi tuliposhindwa.

Niliporudi mjini, mama wa mitumba alinipungia mkono kutoka mbali.

“Leo nimepata ya kwanza!” akasema. “Namba moja, na zingine za kufuata. Ambia mtoto wa dada yako afanye sherehe.”

Nilisoma nikiwa nimesimama, kati ya makoti ya watoto, bila gazeti la kufichia. Katika kitabu cha kwanza mtu yule anatembea barabara ileile. Matajiri wamemtuma kuwatoa wapangaji. Madirisha yako wazi kwa sababu ni wakati wa joto, na kwenye kila nyumba anapitisha mkono wa chuma dirishani na kumvuta nje yeyote anayemfikia kwanza. Mchoraji aliyachora madirisha hayo kwa uangalifu uleule. Nilitambua moja lenye pazia la mistari. Katika vitabu vyangu vya katikati lilikuwa limefungwa, na nilikuwa nimemtukana mwenye nyumba.

“Si nzuri?” mama akauliza.

“Ni nzuri.”

“Mbona basi uso iko hivyo?”

Nikamwambia kwamba mtoto wa dada yangu amekua, hasomi tena katuni. Akachukua namba moja, akaifunga kwenye karatasi nzuri, akanipa bure. “Pelekea yeye hii,” akasema. “Ya mwanzo, mtu haachi.” Niliichukua. Nyumbani niliondoa katoni nikaiweka mahali pake. Mfululizo haujakamilika mpaka leo. Ya mwisho sikuipata, wala siitafuti.

Baba aliendelea na mwethya mpaka magoti yalipomkataa. Adhuhuri aliendelea kuaga kwenda kunywesha ng'ombe, hata miaka ambayo hatukuwa na ng'ombe. Nilipokuwa nyumbani niliondoka pamoja naye. Mara moja tu alisimama, akaegemea koleo, akasema, “Wewe unaweza kubaki ule. Wewe hawana neno nawe.” Sikubaki. Nisingejua niangalie wapi.

Alipofariki, majirani walichimba kaburi. Kuta zake zilinyooka kama za mtaro ule. Mama alitaka kupika chungu kilekile cha harusi. Nilimwomba apike kidogo, cha jamaa tu, nisione tena migongo ile. Alikataa. Akapika kilichojaa.

Baada ya maziko watu walisimama uani, hakuna aliyeketi. Kisha mzee mmoja aliyekuwa kwenye mtaro siku ile akanawa mikono, akachukua sahani, na wengine wakamfuata, taratibu. Pengine ilikuwa kwa ajili ya mama. Pengine deni la aina hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe. Nilipakua huku nikitazama sahani, si nyuso.

Mama yule wa kubeba mawe kifuani alikuwa wa mwisho. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Nilimpa maji, akanawa. Nikachukua sahani.

“Hapana,” akasema.

Akaketi kwenye kigoda kando ya jiko letu, akafungua kitambaa chake juu ya magoti. Mlikuwa na kiazi kilichochemshwa na kipande cha muhogo. Hakwenda nje ya boma. Aliketi palepale, ambapo baba alikuwa akiketi kumenya mbaazi, mgongo wake haujaegemea ukuta. Akauma mara moja, akakunja uso.

“Hiki hakina kitu,” akaniambia. “Niletee chumvi.”

“Ndiyo, mwaitu,” nikasema, jina tunalowaita mama zetu wote.

Nilikwenda ndani. Kopo la chumvi lilikuwa rafuni, nikalifungua. Nilifurahi, nikaona aibu kwa kufurahi. Nikamimina kidogo kwenye kisahani, nikamshikia kwa mikono miwili mpaka alipomaliza kuchovya.