Njia ya Maji Katika Uwanja wa Sola

Niliondoka Bungoma Jumatatu asubuhi kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwa kazi ambayo sikuwa nimewahi kuifanya: kupima uwanja wa umeme wa jua katika shamba la utafiti la serikali, nje kidogo ya Kitale. Miaka yote nilikuwa nikipima mashamba ya urithi, ndugu wakigombania mpaka. Hii niliitaka sana.

Matatu yetu ilipita Ndalu, mahindi yakiwa yamefika magotini pande zote za barabara. Kitale nilikuta mvua imeacha tope jekundu hadi langoni. Injinia Barasa, msimamizi wa ujenzi, alinipa ramani na kuniambia ujenzi wa ua lazima uanze wiki hiyo.

Kesho yake, nikipigilia vigingi upande wa mtaa wa Matisi, niliwakuta akina mama wameketi juu ya mstari wangu, mitungi ya maji kando yao. Mmoja, Mama Njoki, muuza mboga, ndiye aliyezungumza.

"Kijana, hapa ndio tunapitia kwenda chemchemi. Ukifunga, tutapita wapi?"

"Mtazunguka kwa barabara, mama."

"Si ubebe mtungi basi, tuzunguke na wewe."

Nilibeba mtungi uliojaa. Kabla hatujamaliza mteremko wa kwanza vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipoutua mara ya tatu, Mama Njoki alinisubiri bila kucheka.

"Stima tunataka, bana," alisema. "Lakini ugali si inapikwa na maji?"

Jioni nilimwambia Barasa tugawe uwanja sehemu mbili, njia ibaki katikati.

"Ua mbili kwa mvua hii? Hiyo ni kazi mara mbili."

"Basi tuifanye mara mbili. Mimi sitapiga kigingi kwenye ile njia."

Aliitazama ramani. "Leta mchoro mwingine asubuhi. Na wewe mwenyewe uende uwaeleze watu wa utafiti. Shamba ni lao."

Nilikwenda. Walikataa, nikarudi na kuwaeleza safari ya ule mtungi, wakakubali. Tulipima upya huku mvua ikitunyeshea, buti zikinasa kwenye tope, na hakuna aliyeondoka kabla ya mstari kunyooka.

Siku ya kurudi Bungoma, nyaya za ua zilikuwa zimevutwa pande zote mbili za njia, na kati yake Mama Njoki akapita na mtungi kichwani.

"Umeamkaje?" aliniuliza, akaendelea na safari yake.

Ramani ilikuwa imenionyesha ardhi ni ya nani, si nani huipita. Siku hizi, nikifika shamba lolote, kabla sijatoa vifaa kwenye mfuko, naomba kwanza nionyeshwe watu wanachota maji wapi.