Siku Tembo Walipotutangulia Bustanini

Kila mtu atakwambia ukikutana na tembo usikimbie.

Sasa waambie hivyo watu thelathini waliotoka nyumbani alfajiri kwa kazi moja tu: kukimbia.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Naitwa Nasrin. Pale sokoni Bariadi wengi wananijua kama Mama Hilali, muuza viungo na nafaka. Jina la shule nalihifadhi, maana waliokuwepo siku ile bado wapo, na wengine tunasalimiana kila siku.

Ilikuwa Agosti, mwaka juzi.

Nilivyoingia kwenye mambo ya mazoezi ni hivi. Nilikwenda kupima presha, mashine ikasoma mia moja na themanini. Daktari akanitazama kama anayeniaga.

Akasema, "Mama, chagua. Utembee mwenyewe, au utembezwe na wengine ukiwa umelala."

Wallahi, kesho yake nilinunua raba.

Shoga yangu Domitila, muuguzi, ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi cha Jasho na Jembe. Utaratibu wake ulikuwa mzuri. Kila Jumamosi tunatoka mjini kabla jua halijachomoza, tunakimbia kilomita nne huku tunaimba mpaka kwenye shule moja ya msingi. Tukifika tunanyoosha viungo uwanjani pamoja na wanafunzi. Halafu tunashika majembe.

Tulikuwa na bustani pale. Mchicha, sukuma wiki, nyanya, na matikiti upande wa chini. Mboga zilikuwa zinaingia kwenye chakula cha mchana cha watoto. Zamani walikuwa wanakula makande matupu, na siku nyingine hata hayo hayapo.

Kiongozi wetu alikuwa Kocha Ngeleja, mwanajeshi mstaafu. Kifua mbele, filimbi shingoni. Ukichelewa dakika mbili unapiga pushapu ishirini, hata ukiwa mama mzima wa watoto wanne kama mimi.

Nilipenda. Sidanganyi. Baada ya miezi mitatu presha ilishuka, na magauni yangu yakaanza kunipwaya.

Tatizo likaja na kiangazi.

Kufikia Julai pamba ilikuwa imeshatoka shambani, majani yamekauka, malambo yamebaki matope. Ukisimama pale shuleni ukatazama pande zote nne, kitu cha kijani kilikuwa kimoja tu. Bustani yetu.

Siku moja akaja afisa wa wanyamapori. Akaizunguka bustani kimya kimya, kisha akauliza, "Hayo matikiti nani aliwashauri?"

Tukatazamana.

"Hapa mmetuma mwaliko," akasema. "Tembo ananusa hiki kitu kutoka mbali sana. Na hapa si mbali na hifadhi."

Akatufundisha uzio wa pilipili. Unazungusha kamba kwenye nguzo, unafunga vitambaa, unavipaka oili chafu ya gari iliyochanganywa na pilipili ya unga. Tembo ana pua kubwa, na pua hiyo haipendi pilipili. Ila lazima vitambaa vipakwe upya kila wiki.

Kazi ikagawanywa. Kocha alete kamba na nguzo. Fundi mmoja wa pikipiki alete oili. Kupaka kila wiki apewe mlinzi wa shule, Mzee Luhaga.

Na pilipili? Macho yote yakanigeukia.

"Hilo niachieni mimi," nikasema.

Jumamosi iliyofuata nikakabidhi gunia zima. Watu wakapiga makofi. Tukapiga picha, mimi katikati na fulana yangu ya njano, mkono juu ya gunia. Mzee Luhaga alikuwa amesimama pembeni, mtu mmoja akamwambia, "Mzee, sogea kidogo, unaharibu picha."

Akasogea.

Baada ya wiki tatu, tukafika shuleni asubuhi kama kawaida. Kocha yuko mbele anaimbisha, sisi nyuma tunaitikia. Tukakata kona ya darasa la kwanza, tukaingia uwanjani kwa kishindo.

Wimbo ukakatika, mstari wa mbele kwanza, halafu wa katikati, halafu sisi wa mwisho tuliokuwa tunahema.

Nikachungulia begani mwa Domitila.

Tembo.

Jike kubwa lilikuwa ndani ya bustani, karibu na tanki la maji. Tanki lenyewe limepasuliwa, maji yanamwagika. Mwenzake alikuwa kwenye matikiti, anayapasua kwa mguu moja baada ya jingine, taratibu, kama yuko kwake. Uzio ulikuwa umelala chini kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika.

Sikuwa nimewahi kumwona tembo bila kioo cha gari mbele yangu. Jamani, yule mnyama ni mkubwa.

"Mungu wangu," Domitila akanong'ona. "Darasa la saba."

Nilikuwa nimesahau. Watoto wa darasa la saba walikuwa kambini, wanalala pale pale shuleni wakijiandaa na mtihani. Arobaini na mmoja. Walikuwa darasani na Mwalimu Felisita, na mlango wa darasa lao unatazama bustani. Nilimwona mwalimu amesimama mlangoni, mikono ameitanua kuziba, na nyuma yake vichwa vidogo vimejaa. Mtoto mmoja alikuwa analia ile kwikwi ya kujizuia.

Ndipo nikasikia kitu kinapumua nyuma yetu.

Nikageuka.

Alikuwepo wa tatu. Mtoto. Ameshikilia tawi la mkaratusi mdomoni, amesimama kati yetu na geti, anatushangaa.

Hata mimi muuza viungo nisiyejua habari za porini nilielewa pale pale. Mama yuko mbele. Mtoto yuko nyuma. Sisi tuko katikati.

Sauti ikatoka upande wa jiko.

"Msikimbie."

Alikuwa Mzee Luhaga, fimbo mkononi, koti lake la kijeshi lililochakaa begani. Aliongea polepole, kama anayezungumza na ng'ombe aliyeshtuka.

"Msikimbie, na msipige kelele. Mmemzibia mtoto njia. Sogeeni huku ukutani, mmoja mmoja. Mwalimu, funga mlango taratibu. Mpe nafasi ampate mama yake, wataondoka wenyewe."

Tukaanza kusogea. Hatua moja. Nyingine. Nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na nilizosahau nikaziunga mwenyewe.

Ilikuwa inaenda vizuri. Naapa ilikuwa inaenda vizuri.

Jike likageuka, likatanua masikio.

Kocha Ngeleja akapuliza filimbi.

Mpaka leo hajui kwa nini. Anasema mkono ulikwenda wenyewe. Filimbi ililia kwa nguvu, mtoto wa tembo akapiga kelele, na mama yake akaja.

Hakuja kwa kelele kama kwenye televisheni. Alikuja kimya, kichwa kimeinama, na ardhi ikawa inatetemeka chini ya raba zangu. Domitila akanivuta tukaanguka wote wawili kwenye msingi wa darasa. Nikafumba macho.

Nikasikia mtu anapiga ukunga kwa Kisukuma.

Nikafumbua. Mzee Luhaga alikuwa amevua koti, analipunga juu, anakimbia kutuacha, kuelekea uwanja wazi. Mzee wa miaka zaidi ya sitini, ndala mguuni. Jike likamfuata yeye.

Halikumkanyaga. Lilimpiga kofi moja la mkonga. Akarushwa, akagonga ukuta wa jiko, akaanguka.

Njia ikawa wazi. Mtoto akapita mbele yetu mbio mpaka kwa mama yake. Wakasimama kidogo. Halafu wote watatu wakaondoka, wakakata mashamba ya pamba yaliyovunwa, bila haraka.

Nafikiri haikufika hata dakika mbili.

Domitila alikuwa wa kwanza kumfikia Mzee. "Anapumua! Leteni ubao, leteni khanga!" Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika na mbavu zimeumia. Tukamlaza kwenye ubao wa dawati, pikapu ya mnunuzi wa pamba aliyekuwa anapita ikamkimbiza hospitali.

Pikapu haijapotea machoni, Kocha akaenda kwenye uzio. Akaokota kitambaa, akakinusa. Akakigusisha ulimini.

"Hakuna pilipili hapa!" akafoka. "Oili tupu! Huyu mzee hakupaka! Wiki tatu anatudanganya!"

Watu wakapokezana vitambaa, kila mmoja ananusa, kila mmoja anatikisa kichwa.

"Watoto wetu wangekufa kwa uzembe wa mtu mmoja."

"Mlinzi gani huyo? Aondolewe."

Mimi nilikuwa nimekishika kitambaa changu. Nilikitazama nikaona chembe nyekundu zimejaa.

Mzee alipaka. Alipaka sana.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakijua mimi peke yangu.

Lile gunia lilikuwa bovu. Nililetewa na mtu wa mnadani, na nilipoanza kuuza wateja wakanirudishia mmoja mmoja. "Mama Hilali, hii ni pilipili au ni pumba umepaka rangi?" Mama mmoja alimlambisha mwanawe mbele yangu, mtoto akacheka. Lilikaa stoo tangu mwaka uliotangulia, likavunda. Lilikuwa linanizibia nafasi.

Kwa hiyo siku ile niliposema "niachieni mimi," sikuwa natoa sadaka. Nilikuwa natupa taka, na nikapigiwa makofi.

Unadhani nilisema? Sikusema.

Nilienda nyumbani, nikapika, nikala. Kwa wiki mbili sikupata usingizi wa maana. Nilituma maziwa na ndizi hospitali kwa mkono wa Domitila, maana mwenyewe sikuweza kumtazama mzee wa watu.

Kisha ukaitishwa mkutano wa wazazi, pale pale uwanjani. Ajenda ilikuwa moja. Mlinzi.

Mzee Luhaga aliletwa, mkono umefungwa shingoni, akaketi kwenye kiti cha mbele. Mwenyekiti wa kamati akaanza.

"Mzee, ulipaka uzio?"

"Nilipaka."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Na pilipili?"

"Niliyopewa ndiyo niliyopaka."

Watu wakaguna. Mtu akacheka kwa nyuma. Mzazi mmoja akasimama, "Mwenyekiti, tusipoteze muda. Mtu aliyelala kazini anatupa mafumbo."

"Wanaokubali aondolewe wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kwenda juu. Nikamwona hata Kocha ananyoosha wake. Kocha wa filimbi!

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nilisikia sauti yangu ikisema.

"Shusheni mikono. Pilipili ilikuwa yangu. Ilikuwa mbovu, na nilijua."

Nikaeleza yote. Wateja, mtoto aliyelamba akacheka, stoo, gunia. Nilipomaliza, Mwalimu Felisita alikuwa amejifunika mdomo. Domitila alikuwa ananitazama kama mtu asiyenijua, na hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi.

Matusi yalikuwepo. Nilitukanwa na mama mmoja mpaka akakosa pumzi. Haki yake. Mwanawe alikuwa ndani ya lile darasa.

Kocha naye akasimama, akavua filimbi shingoni. "Na mimi ndiye niliyemchokoza mnyama," akasema, akaketi ameinamisha kichwa.

Mzee Luhaga akabaki kazini. Mimi niliamriwa kuleta pilipili mpya na kugharamia tanki, na kamati ikaniandikia barua ya karipio. Nilisaini.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mzee pale kwenye kiti. Nikapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Kama ningesema mapema..."

"Inuka, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nilijua."

Nikadhani sijasikia. "Ulijua nini?"

"Pilipili. Niliilamba siku ile ile uliyoileta, mlipoondoka. Haikuwasha. Nikajisemea, huyu mama ametuletea pumba."

"Sasa kwa nini hukusema, baba? Wangekufukuza kazi! Ungekufa!"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Nilisema," akajibu. "Nilimwambia Kocha, Jumamosi iliyofuata. Nikamwambia ile pilipili haina ukali. Akanijibu, mzee, wewe paka tu, wataalamu tunajua. Nikaja kwako. Unakumbuka? Ulikuwa unafunga kamba za raba. Nikakuamkia, mwangaluka mayu. Ukaitika bila kuinua uso, ukaondoka na wenzako kwenye mazoezi kabla sijataja pilipili."

Nilijaribu kukumbuka. Nilijaribu sana.

Sikukumbuka hata kidogo.

"Nami nikaogopa kujaribu mara ya tatu," akaendelea. "Ninyi ni watu wa kujitolea, watoto wanakula kwa jasho lenu. Mlinzi akisema mama wa mjini ameleta pumba, nani ataaminiwa? Nikasema nitakesha zaidi. Ndiyo maana alfajiri ile nilikuwa macho."

Alikuwa macho. Mtu tuliyemwita mzembe alikuwa anakesha ili kufidia uongo wangu.

Bustani bado ipo, na tembo hawajarudi tena. Matikiti tuling'oa. Sasa Jumamosi tukifika, kabla ya kunyoosha viungo, tunakaa chini dakika kumi, na Mzee Luhaga ndiye anayeanza kuongea. Mkono wake haukunyooka vizuri.

Ndugu yangu unayesoma, kujitolea ni jambo jema, usiache. Ila usimpe mhitaji kitu ambacho wewe mwenyewe umeshindwa kukitumia, ukataka na shukrani juu yake.

Na kabla hujamlaumu mtu wa chini kwamba alinyamaza, jiulize kwanza. Inawezekana alisema, na wewe ndiye uliyekuwa na haraka.