Tumbo la Paka wa Mzee Issack

Aaliyah ni fundi wa nguo mjini Kitale, na ana ugonjwa mmoja ambao wateja wake wanaujua: haamini kwamba kuna kitu kisichotengenezeka. Kanzu ikibana kwapani, ataifumua. Sare ya shule ikimpungukia mtoto, atashusha pindo. Mumewe alipomwacha akaoa kwingine, alilia wiki nzima, kisha akanunua cherehani ya pili na kuajiri msichana. Kwa hiyo mama yake, Bi Kadija, alipompigia simu kutoka Bungoma kumwambia paka anatapika, hakuuliza mengi. Alimwachia msichana duka, akaenda kumtengeneza paka.

Paka mwenyewe anaitwa Karani. Jina alipewa na baba yake Aaliyah, marehemu Mzee Issack, aliyekuwa na bucha karibu na msikiti. Tangu udogo wake Karani alikaa juu ya kaunta akiitolea mizani macho, utadhani ameajiriwa kuhakikisha hakuna anayepunjwa. Kila jioni Mzee alimkatia vipande vya mapafu bila kuvitia chochote, na Karani akanenepa. Kisha Mzee akafariki ghafla, bucha ikafungwa, na paka akahamia kwa Bi Kadija, ambaye alikuwa ameshaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani asitoke ila kwa dharura.

Aaliyah alimkuta Karani amekonda, manyoya yamesimama, na ametapika kwenye mkeka. Bi Kadija alikuwa ameketi kando yake.

"Huyu ndiye amebaki wa baba yako," alisema. "Na huyu akienda, mwanangu, mimi sitaweza."

Aliyasema bila machozi, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari, na hilo ndilo lililomtisha Aaliyah. Aliapa moyoni kwamba paka huyo hafi.

Alianza na maziwa, maana ni nani asiyejua kuwa paka ni maziwa na omena? Karani akaharisha. Akaenda dukani kwa wauzaji wa dawa za mifugo, akachagua chakula cha paka cha pakiti kilicho bora kuliko vyote. Muuzaji alimwonya, "Dada, usimbadilishie mara moja. Changanya na ile amezoea, kidogo kidogo." Haraka haraka haina baraka, sote tumefunzwa hivyo, lakini Aaliyah haraka alizaliwa nayo. Alijaza bakuli mpaka juu. Jioni hiyo alipiga deki sebule hadi mgongo ukamuuma.

Ikabidi amwite Wanyonyi, daktari wa mifugo. Wanyonyi alikuja akicheka.

"Mimi huwa naitwa ng'ombe ikikataa kuzaa. Leo ni paka, bana." Hata hivyo alipiga magoti, akampapasa Karani tumbo taratibu, mkono wake mkubwa ukimfunika paka nusu nzima. "Tumbo ya huyu ni ya kitoto. Chemsha kuku, toa mifupa, weka mchele kidogo tu. Chumvi hapana, kitunguu hapana, maziwa wacha kabisa. Na asikule kitu ingine. Hiyo ndiyo maneno. Kitu moja tu."

Aaliyah alipata alichokuwa anakitafuta, yaani kipimo. Alichemsha kuku, akachambua mfupa kwa mfupa, akampa Karani kidogo asubuhi, mchana na jioni. Paka akatulia. Aaliyah akampigia msichana wake kule Kitale kumwambia anarudi. Kesho yake Karani akatapika tena.

Safari hii Aaliyah aliinama na kitambaa chake, akatazama. Wali aliompikia paka ulikuwa mweupe. Huu ulikuwa wa kahawia, na katikati yake palikuwa na kitunguu na ganda la iliki. Karani alikuwa amekula pilau.

Hasira zilimpanda. Mtaa ule una desturi yake nzuri: nyumba yenye eda haiachwi ijipikie peke yake. Wanawake hupokezana, leo huyu kaleta pilau, kesho yule kaleta chapati na mchuzi. Aaliyah alijua hilo, na alishukuru kila mlango ulipobishwa. Alichojiambia sasa ni kwamba kuna jirani anayemhurumia paka na kumlisha huko nje. Akajitanda mtandio wake, akatoka kwenda kuwaambia waache.

Mama Nasir, wa nyumba ya tatu, alisimama mlangoni mwake amechukia waziwazi.

"Ati mimi nipee paka pilau? Nyama na bei ya siku hizi? Ile pilau nilipelekea mama yako. Na sahani ilirudi safi. Alikula yote."

"Paka hajafika hapa?"

"Huyo paka huwa hatoki kwa mama yako. Si unakaa naye?"

Jentrix, jirani wao Mkristo, aliyekuwa akianika nguo, aliingilia kwa upole. "Hata mimi Jumapili nilimletea kuku ya kienyeji. Hakuacha kitu. Nikasema, asante Yesu, angalau Mama Aaliyah anakula vizuri."

Aaliyah alikumbuka kwamba kila jioni mama yake humtuma dukani au humwambia akaoge kwanza, "mimi nitakula, usiningoje." Akarudi nyumbani karibu akikimbia.

Bi Kadija alikuwa ameketi palepale. Dera lake la eda lilikuwa limeshonwa na Aaliyah mwenyewe, baada ya mazishi, kwa vipimo alivyochukua kwa mikono yake. Sasa mshono wa bega ulikuwa umeteremka karibu na kiwiko. Fundi mzima alikuwa amehesabu mbavu za paka, na hakuwa ameliona dera. Aliona aibu iliyomchoma, na woga mkubwa kuliko aibu.

"Mama, kile chakula watu wanakuletea, unampa Karani."

Bi Kadija hakukataa. "Nitarudishaje sahani ya mtu na chakula ndani? Wataona nimewadharau. Nao wamejinyima."

"Na wewe unakula nini?"

"Chai."

"Chai tu? Tangu baba afariki?"

"Kula siwezi," mama alisema. "Nikivuta sahani namngoja. Mimi sijawahi kutangulia kula, Aaliyah. Alikuwa anafunga bucha, anakuja, ananawa, ndiyo tunaanza. Saa hizi nikikaa hapo nasikia kama bado yuko njiani. Mkono hauendi."

Aaliyah hakuwa na la kufumua wala la kushona. Alikwenda jikoni. Mgonjwa haulizwi uji, kwa hiyo hakuuliza. Alichemsha kuku mwingine, akatenga fungu la Karani lisilo na kitu, kisha akatia chumvi na ndimu kwenye mchuzi uliobaki, akapakua wali na kuku kwenye sinia moja la watu wawili. Akaleta birika na bakuli, akamnawisha mama yake mikono, naye akanawa.

"Mimi sijala tangu asubuhi," alisema. "Na sitakula kama wewe huli. Tutakaa hivi."

Wakakaa. Wali ulianza kupoa. Kule pembeni Karani alimaliza fungu lake, akaja akajibanza kwenye goti la Bi Kadija. Mama alichukua kipande cha kuku na, kwa mazoea, akaupeleka mkono chini.

Aaliyah akaushika.

"Yeye ameshiba, Mama. Hicho ni chako."

Bi Kadija alikitazama kile kipande kwa muda, akakitia mdomoni. Alikitafuna huku machozi yakimtoka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kabla hajakimeza, Aaliyah alikuwa ameshamkatia kingine.