Paa la Kigari cha Minza

Nashona maturubai ya magari hapa Makanyagio, mjini Mpanda, na mteja akianza kunifundisha kazi damu inanichemka. Mzee Malale alinifundisha asubuhi nzima.

Binti yake, Minza, alikuwa amepata kazi ya kupima samaki kule Karema, ziwani. Mradi ulimpa kigari cha wazi, chenye magurudumu mapana ya kupita mchangani, akakileta kwangu juu ya lori la Fuso ili nikiwekee paa. Minza ana ualbino. Bila kivuli, jua la ziwani lingemchuna ngozi wiki ya kwanza tu.

"Ziba pande zote," Malale akaniambia. "Mtu asimuone. Usipoziba, haendi."

"Baba, humo si nitapikika?" Minza akasema. "Paa pana linanitosha. Pembeni paachwe wazi."

Mimi nilikuwa upande wa binti, tena sikumung'unya maneno. Nilimwambia mzee kwamba anataka nimshonee mwanawe jeneza. Akasema Minza alipokuwa na miaka minne, watu walifika nyumbani kwao na mapanga kumtafuta, na yeye baba mtu hajalala usingizi wa kueleweka tangu mwaka huo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi nikashona alivyotaka: turubai zito, zipu kila upande, kioo cha mbele tu nikikiacha wazi. Minza akaenda dukani kununua maji, hataki hata kuangalia. Kazi yangu huwa siikabidhi mpaka mtu akae ndani aijaribu, na Malale akasema atakaa yeye. Nikamfungia.

Kandambili zikasikika kwenye changarawe.

"Nani huyo?" akauliza kutoka ndani.

Bodaboda ilikuwa inapita, Minza hakusikia. Akazidi kusogea.

"Nani? Si nauliza ni nani!"

Turubai likaanza kutikisika. Alikuwa anaivuta zipu nayo imekwama, anapiga kwa ngumi, anapumua kwa kelele. Nilikimbia nikaifungua. Alitoka amelowa jasho, akamkuta binti yake amesimama hatua moja kutoka kwenye mlango, chupa ya maji mkononi.

"Sikukuona," akasema. "Umefika mpaka hapa, mwanangu, sikukuona."

Akaniomba mkasi. Akakata pande zote mwenyewe, vibaya, kombokombo, huku analia, na mimi nikamshikia turubai.