Mwanaume wa Mbeya

Pale Kalenga, Veneranda alijulikana kwa nyanya zake na kwa ulimi wake. Uongo hakusema. Alisema nusu ya ukweli, nusu ya pili akamwachia msikilizaji aijaze mwenyewe.

Alipotimiza miaka sitini na mmoja alianza kuchoka ovyo na kutokwa damu puani. Baada ya kuzungushwa hospitali mbili, aliambiwa ana kansa ya damu, tena ile adimu: chembe ziitwazo B, zinazotengeneza kinga ya mwili, zimeasi. Zinazaliana ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mifupa, na kuifanya damu iwe nzito kama uji. Akapelekwa Mbeya kuanza dawa, na huko mtafiti mmoja, Daktari Faustina, akamwomba uboho kidogo.

"Tunataka kuzifuga chembe zako maabara, mama. Tutengeneze mfano wa ugonjwa wako ndani ya chupa, dawa mpya tuzijaribie huko."

"Yaani zichapwe zenyewe, mimi nitazame?"

"Ndiyo. Ila majibu huenda yasikufae wewe, yakawafaa wengine baadaye."

Veneranda akatia saini. Sindano ya nyonga ilimuuma hadi akawaita watakatifu wote anaowajua, na wawili aliowabuni papo hapo.

Chembe zilikufa ndani ya siku nne. Wakachukua tena, zikafa tena. Alipoenda kliniki mara ya tatu alimkuta Faustina anatabasamu.

"Zilikuwa zinakufa kwa upweke, mama. Safari hii tumezichanganya na chembe zinazozilea ndani ya mfupa. Hizo tumezipata kwa mtu mwingine aliyejitolea."

"Mwanamke au mwanaume?"

Faustina alisita. "Jina siwezi kulitaja. Ni mwanaume."

Veneranda alichungulia kwenye hadubini. Aliona viduara vidogo vimeng'ang'ania vitu vipana, kama vifaranga chini ya mbawa. Akaondoka akiwa amefurahi kupita kiasi.

Kesho yake, akipanga nyanya gengeni, aliulizwa habari za safari. "Nzuri," alijibu. "Ila kusema kweli, kule Mbeya naishi na mwanaume. Peke yangu nilikuwa nakufa."

Nyanya hazijaisha, habari zilishamfikia Sosthenes, mwenyekiti wa kigango, kanisa dogo la pale kijijini. Jumapili baada ya ibada alifika na akina mama wawili wa jumuiya, wakakaribishwa chai.

"Dada Veneranda, tumesikia mambo."

"Mmesikia sawasawa."

"Mmefunga ndoa?"

"Hata jina lake silijui."

Mama mmoja akaweka kikombe chini.

"Anakaa wapi huyo mtu?" aliuliza Sosthenes.

"Kwenye chupa."

Sosthenes alishusha pumzi. "Basi na ulevi upo."

Hapo Veneranda alicheka mpaka machozi, akawaeleza yote: uboho, maabara, chembe zilizogoma kuishi bila mlezi. Akina mama nao wakacheka. Sosthenes peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo unaumwa kansa," alisema taratibu.

Veneranda akaacha kucheka. Miezi minane alikuwa ameibeba siri ile, hajapata mlango wa kuitolea. Alitazama chini, akavuta kanga.

"Ndiyo, kaka. Naumwa."

Safari iliyofuata Sosthenes alimsindikiza Mbeya. Faustina aliwaambia kwamba dawa mbili zikiwekwa pamoja zimeua chembe nyingi chupani, lakini lazima warudie mara nyingi kabla hazijamfikia mgonjwa. Sosthenes aliomba kuchungulia, akachungulia kwa muda mrefu sana huku mikono ameifunga nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Veneranda anaendelea na dawa zake za hospitali. Damu imepungua uzito, pua imekauka. Msimu huu akina mama wa jumuiya wamemchumia nyanya, naye analalamika kwa kila mnunuzi kwamba wanachuma mbichi. Wao wanamjibu kwamba mgonjwa hana haki ya kuchagua vibarua.