Mtu Chini ya Rangi Nyeupe

Nilifunga duka siku ya Jumanne, jambo ambalo marehemu baba asingenisamehe, nikaenda Sindo kufuata karatasi moja. Ninauza vitabu na vifaa vya shule mjini Migori. Baba alikuja huku kutoka Mombasa na mzigo wa kanga, akakaa. Mimi nikarithi duka, na juu yake nikajiongezea ugonjwa wa kukusanya katuni. Si zile za gazetini. Nataka karatasi yenyewe aliyoichora mtu kwa mkono wake, yenye penseli, doa la chai, na rangi nyeupe aliyopaka pale alipokosea.

Za Kinyozi nilikuwa nazo arobaini. Watu wa rika langu watamkumbuka kinyozi yule wa gazetini aliyeharibu kichwa cha mtu kila wiki. Mchoraji wake, Ouko, alikuwa mtu wa Sindo. Kurasa zake nilizinunua kwa kilo, kwenye rundo la magazeti ya kufungia mandazi, na watu walinicheka. Sasa Ouko amefariki, na mnunuzi mmoja wa Nairobi anazitaka zote kwa pesa za kununulia gari, mradi nimpatie na ule ukurasa wa mwisho Ouko aliouchora, na zote ziwe safi. Kwenye huo usafi ndiko nilikojitia balaani. Rangi nyeupe ya Ouko ilikuwa imezeeka, inabanduka, na madoa meusi yanajitokeza chini yake. Nikachukua rangi ya maji ya dukani, nikayaziba moja moja.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa kwa shemeji yake, mjane aitwaye Mama Achieng. Nilipompigia simu alisema, "Kuja na zote. Kwanza nione."

Saa moja asubuhi nilipita Rongo, sanduku la karatasi likiwa kwenye kiti cha nyuma. Homa Bay nikanywa chai. Mwenye hoteli alichungulia gari langu akaniuliza kama abiria wangu hanywi chai. Nikamwambia niko peke yangu. "Haya," akasema, akarudisha kikombe cha pili.

Lambwe nilisimama kando ya barabara, maana gari zima lilinuka maji ya ziwa, na ziwa lilikuwa bado mbali. Bonde lilikuwa kimya, hata ndege sikumsikia. Nilifungua sanduku nikazipapasa karatasi. Zilikuwa kavu kabisa. Nikasoma dua, nikaongeza mwendo.

Sindo niliingia adhuhuri. Mama Achieng ni mwanamke mrefu, nywele zote nyeupe, na uani kwake kuna kaburi lililosakafiwa. "Bi ibed," alisema, akanivutia kiti. Alinawa mikono, akaifuta, ndipo akagusa karatasi. Hakutazama kichekesho hata kimoja. Kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye mlango wa duka la kinyozi, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hii rangi ni ya juzi. Nani amepaka?"

"Ni mimi, mama. Kulikuwa na madoa."

"Hiyo si madoa. Hiyo ni bwana yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Alinieleza polepole, bila kunilaumu. Mumewe, Okelo, kaka yake Ouko, aliingia ziwani kuvua asirudi, na mwili haukuonekana. Kwa desturi yao walizika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili, ndilo lililo kaburini pale uani. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, na kitambulisho alikwenda nacho.

"Mama yao alikataza mtu kumwita jina tena, kwa sababu tumeshazika," alisema. "Lakini Ouko alikuwa anamchora hapa mezani, kila wiki, kwa huo mlango. Akimaliza, anamfunika na nyeupe, anapeleka gazeti. Nikamwomba, shemeji, nionyeshe uso yake tu, nimeanza kusahau. Akasema ngoja. Bado hajageuka."

Nilisogeza kiti mbali kidogo na zile karatasi.

"Kwa hivyo fungua," alisema. "Kama amegeuka, nione. Ukurasa wangu nitakupa."

Nilijua ninachoombwa. Rangi yangu ingetoka na ya Ouko pamoja, na hakuna mnunuzi wa karatasi iliyosuguliwa. Nilimtazama mama yule, nikaomba maji na pamba.

Tulizipanga kwa tarehe zilizoandikwa nyuma ya karatasi, za miaka mingi. Wino wa Ouko haukuhofia maji. Ukurasa wa kwanza alitokea mtu mlangoni, ameligeuzia duka mgongo, shati limegandamana mwilini. Wa pili vilevile. Kwenye wa kumi na tano bega lilikuwa limesogea. Wa ishirini na nane niliona sikio. Mama Achieng alishika ukingo wa meza. Kufika wa arobaini nilichukua pamba mpya, nikaipitisha mlangoni.

Alikuwa amegeuka. Uso ulikuwa wa mzee, mashavu yamebonyea, nywele nyeupe pe.

"Pole, mama," nilisema. "Labda ni mtu mwingine. Okelo alipotea akiwa na umri gani?"

"Hata ndevu ilikuwa haijajaa." Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Ni yeye. Amezeeka kama mimi." Kisha akaongeza, taratibu, "Kumbe walikuwa wanaonana."

Aliingia chumbani akautoa ukurasa wa mwisho chini ya godoro. Niliukumbuka tangu ulipotoka gazetini, maana uliniudhi: haukuchekesha. Kinyozi anamnyoa mzee mwenye mvi, basi. Hakukuwa na rangi nyeupe popote. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu pale. Mama Achieng alimtazama mzee wa kitini, mashavu yake yaleyale yaliyobonyea, akakaa chini sakafuni.

"Miaka hii yote," alisema, "nimelala juu yake."

Alasiri aliniletea ule ukurasa, maana ahadi ni ahadi. Sikuupokea. Niliuweka juu ya wa arobaini, nikazisukuma zote upande wake, nikaaga. Nilirudi bila sanduku. Lambwe hapakuwa na harufu yoyote, lakini nilipofika Migori kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa, kikachukua siku mbili kukauka.

Jumatano mnunuzi alipiga simu. Nilimwambia nimezifuta rangi zote.

"Basi zimeshuka bei," akasema.

"Zimepanda," nikamwambia. "Mimi na wewe hatuziwezi tena."